Kubangua

Mara ya kwanza walisema malaria.
Mara ya pili taifodi. Mara ya tatu
daktari wa zamu hakuinua hata kichwa:
"Mama, punguza mawazo."
Nikapunguza chumvi, nikapunguza safari za Masasi,
mawazo yakabaki palepale, uzito wake uleule.

Asubuhi vidole vyangu haviwezi kufungua chupa ya maji.
Nywele zinabaki kwenye kitana.
Juzi dukani nilisahau bei ya sukari,
nikasimama mbele ya mteja, mdomo wazi,
mimi niliyekuwa nikikokotoa kichwani
tani nane za korosho pamoja na makato ya ghala.

Magomeni wameshaupa jina ugonjwa wangu.
Wengine wanasema ngoma. Wengine,
ni mali za watu zinamrudia.
Wifi yangu Bihawa kaleta mizizi ndani ya gazeti.
Nikainywa, nikatapika, nikamshukuru.

Na kila chumba cha daktari, swali lile:
"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"
Na kila mara mimi: "Hapana,"
haraka, kama mtu anayefunika sufuria.

Leo ni Ligula tena, benchi lilelile,
namba thelathini na mbili.
Aliyeniita ni binti, bado yumo mafunzoni,
koti limemzidi mabega,
jina kaliandika mwenyewe kwa kalamu: Dk. Nampoto.
Akauliza lile swali,
akaiweka kalamu mezani, akangoja.
Sijui. Labda ni ile kalamu kulala.
"Nina vipandikizi," nikasema.

Akanishika mkono wa kushoto,
akapapasa chini ya ngozi
akitafuta vijiti vya uzazi wa mpango.
"Siyo huko."
Nikauchukua mkono wake, nikauongoza mwenyewe,
hapa. Na hapa.
Miaka sita. Istanbul. Msimu ule korosho ilipanda bei
na mume akahamia kwa mwenzangu Nachingwea.
Nikatoa kikadi chenye namba,
nilichokificha kwenye bahasha ya hati ya kiwanja.

Hakucheka.
Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko,
nilijifunga kanga mbili kwa ajili yake.
Akakigeuza kikadi, akanakili namba yote, polepole.
"Mwili," akasema, "ukikuta kitu kisicho chake
hukijengea ganda."

Ganda.
Nami nilibangua korosho kiwandani tangu miaka kumi na saba,
vidole kwenye majivu, mafuta yake yakinichuna
hadi mashine ya kusajili laini ikalikataa dole gumba langu.
Ganda nalijua. Ukigonga vibaya
punje inapasuka, inashuka daraja.

"Ndilo linaloniumiza?"
"Sijui."
Akanitazama, akarudia: "Sijui, mama.
Wapo waliotolewa wakapata nafuu, wapo ambao hawakupata.
Kwanza tupime tezi, damu, baridi yabisi.
Tusije tukamfunga asiyeiba."

Miezi kumi na minne nimenunua uhakika wa watu
kwa vidonge vya rangi tatu.
Hili sijui sikulilipia,
na ndilo la kwanza nililoliamini.

Bima haitagusa, wataita urembo.
Na kweli ulikuwa urembo, sitaukana:
nilijipenda kwenye kioo cha hoteli ile
kwa mapenzi ambayo sikuwa nimepewa na mtu.
Yale nayo ayaandike wapi?

Barua ya rufaa iko mkononi, Muhimbili,
tarehe haijajazwa.
Kwenye mstari wa upasuaji uliopita
ameandika Ndiyo, herufi kubwa,
wino umepenya hadi upande wa pili.

Nje ya geti mama mmoja anauza ming'oko ya kuchemsha.
Nikanunua ya mia tano. Vidole vikagoma kumenya.
"Lete nikumenyee,"
akasema, hakuuliza kitu,
nami nikampa.